Sanduku la Malalamiko Likihama

Sanduku la malalamiko likikaa tupu kwa wiki tatu mfululizo, kuna tafsiri mbili. Ya kwanza ni kwamba wasomaji wameridhika na wanachotumiwa. Ya pili ni kwamba wanalalamika kama kawaida, ila malalamiko yao hayafiki. Shirika linalotuma barua pepe kwa maelfu ya watu, hasa lililohama seva au kubadilisha kampuni ya kutuma barua hivi karibuni, lianze na tafsiri ya pili.

Malalamiko yenyewe si barua ndefu za hasira. Ni kitendo cha sekunde moja: mtu yuko kwenye daladala, simu mkononi, anakutana na tangazo la semina ambayo hakumbuki kuiulizia, anabofya kitufe cha kuripoti barua taka, anaendelea na safari yake. Wengi hudhani kitufe kile kinaipeleka barua kwenye folda nyingine, basi. Kwa baadhi ya watoa huduma za barua pepe kinafanya zaidi ya hapo. Ripoti fupi huandaliwa, nakala ya barua iliyolalamikiwa huambatishwa, na vyote hurudishwa kwa aliyetuma, mradi awe amejiandikisha kuvipokea. Huo ndio mrejesho wa malalamiko. Kampuni ya AOL ya Marekani ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuutoa, na wengine wakafuata mmoja mmoja, kila mmoja na fomu yake na masharti yake.

Kwa miaka mingi masharti hayo yalijengwa juu ya kitu kimoja: anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha seva kwenye mtandao. Mtumaji alipeleka orodha ya namba za seva zake, akathibitisha kwamba ni zake, na malalamiko yote yaliyotokana na barua zilizopita kwenye namba hizo yakaelekezwa kwake. Leo mfumo huo unabanwa na mwingine, unaomtambua mtumaji kwa saini iliyopigwa ndani ya barua yenyewe. Kuhama kutoka wa kwanza kwenda wa pili si kazi ngumu kwa fundi. Ugumu uko katika kuhama bila malalamiko kupotea njiani.

Aliyesoma shule ya bweni ataelewa haraka kwa nini namba ya seva haitoshi. Shule nzima ilitumia S.L.P. moja. Barua ya matusi ikitoka pale, anayetafutwa ni mwalimu mkuu, hata kama mwandishi ni mtoto mmoja wa kidato cha pili. Seva nyingi za leo zinafanana na shule hiyo: duka la vitenge, kanisa, chuo na wakala wa utalii wanaweza kuwa wamekodi nafasi kwenye seva moja bila kujuana, na wote wakatuma kupitia namba moja. Mwezi ujao mmoja anaondoka, namba inabaki, anaingia mpangaji mwingine. Malalamiko yanayofuata namba yanamfikia mwenye nyumba, si mpangaji aliyekosea.

Kuna na lile tatizo la barua zinazopitishwa. Mhitimu wa chuo kikuu ana anwani ya chuo ambayo hupeleka kila kitu moja kwa moja kwenye sanduku lake la Yahoo. Anapata tangazo la duka la simu kupitia anwani ya chuo, anachukia, anabofya kitufe. Yahoo ikitazama namba ya seva iliyoifikishia barua, itaona ya chuo. Chuo kitabebeshwa lawama ya duka. Ikitazama saini ya duka iliyomo ndani ya barua, na barua haikubadilishwa njiani, lawama itamfika mwenyewe.

Saini hiyo inaitwa DKIM. Kanuni zake za kwanza zilichapishwa mwaka 2007, na toleo linalotumika hadi sasa, waraka wa viwango uitwao RFC 6376, ni la mwaka 2011. Seva ya mtumaji hushika ufunguo wa siri na kupiga nao muhuri wa kihesabu kwenye kila barua. Ufunguo wa pili, ule wa hadharani, huwekwa kwenye rekodi za DNS, daftari la umma la majina ya mtandao, chini ya kikoa chake, yaani jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani zake, na yeyote anayepokea barua anaweza kuutumia kuhakiki muhuri. Seva zinaweza kubadilishwa kila wiki, kampuni ya kutuma ikabadilishwa, lakini kikoa kinabaki kilekile.

Mfano mkubwa wa uhamaji huu ni AOL yenyewe. Verizon iliinunua AOL mwaka 2015, ikainunua Yahoo mwaka 2017, kisha ikaunganisha mitambo ya barua pepe ya kampuni hizo mbili. AOL ilikuwa ikipeleka malalamiko kwa kufuata namba ya IP. Yahoo ilifuata saini ya DKIM. Mitambo ilipounganishwa, utaratibu wa Yahoo ndio uliobaki. Mtumaji aliyekuwa amejiandikisha AOL kwa namba zake, asijiandikishe Yahoo kwa kikoa chake, aliacha kupata malalamiko ya watu wa AOL. Kwa nje ilionekana kama neema. Takwimu zilishuka bila yeye kufanya lolote.

Hali hiyo haijaisha. Mwaka 2024 kampuni ya Cox ya Marekani iliwahamishia Yahoo wateja wake wa barua pepe, ingawa anwani zao zinaendelea kuishia kwa jina la Cox. Funzo kwa mtumaji ni moja dogo lakini la maana: asiwapange wapokeaji wake kwa kuangalia kilichoandikwa baada ya alama ya @. Aangalie rekodi za MX, zile zinazoonyesha ni seva za nani hasa zinazopokea barua za anwani hiyo. Orodha yenye vikoa mia moja tofauti huenda yote inaishia kwa watoa huduma wanne au watano.

Ramani ya watoa huduma kwa sasa haina mpangilio wa kupendeza, na ni afadhali kuikubali hivyo ilivyo. Yahoo hupeleka ripoti moja moja, kwa kufuata saini ya DKIM, kwa mtumaji aliyethibitisha kikoa chake. Microsoft, mwenye Outlook.com na Hotmail, ana mpango uitwao JMRP unaoendelea kufuata namba za IP, pamoja na ukurasa wa takwimu uitwao SNDS. Apple haitoi mrejesho wa aina hii kwa masanduku yake ya iCloud. Gmail haipeleki ripoti ya mtu mmoja mmoja kabisa. Inaonyesha asilimia tu, katika ukurasa wake wa Postmaster Tools. Watoa huduma wengine kadhaa walikuwa wakipitishia malalamiko yao kwa Return Path, iliyonunuliwa na Validity mwaka 2019, na mwaka 2023 Validity ikatangaza kwamba huduma hiyo, iliyozoeleka kuwa ya bure, itakuwa na malipo. Kwa hiyo anayezungumzia kuhamia mfumo mpya kana kwamba ni mlango mmoja anarahisisha mno. Mtumaji wa kawaida atajikuta na milango mitatu, na mmoja kati yake, ule wa Microsoft, bado ni wa zamani.

Msukumo mkubwa wa kuhama ulitoka kwa Google na Yahoo. Oktoba 2023 kampuni hizo mbili zilitangaza masharti mapya kwa wanaotuma kwa wingi, na utekelezaji ukaanza Februari 2024. Kwa Google, mtumaji wa wingi ni anayepeleka barua zipatazo 5,000 au zaidi kwa siku kwenye akaunti binafsi za Gmail, na barua za vikoa vidogo vyote vya shirika huhesabiwa pamoja. Akishafikia kiwango hicho siku moja, jina la mtumaji wa wingi halifutiki. Anatakiwa kuwa na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake), DKIM na DMARC (maelekezo kwa wapokeaji kuhusu barua zisizothibitika), kuweka njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na kuhakikisha malalamiko hayafiki asilimia 0.3, huku akishauriwa kubaki chini ya asilimia 0.1. Microsoft ilifuata kwa masharti ya uthibitisho yanayofanana na hayo mwezi Mei 2025, kwa wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenye masanduku yake.

Asilimia 0.3 ni watu watatu katika elfu moja. Mwalimu anayejua ukubwa wa paredi ya asubuhi ataona jinsi kizingiti hicho kilivyo chini: shule yenye wanafunzi elfu moja, wakinyanyuka watatu tu kulalamika, mkutano mzima umeingia dosari.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu wengi hukosea hesabu hii hata baada ya kuhama salama. Chukua shirika linalotuma barua 20,000. Kati ya hizo 15,000 zinakwenda Gmail, 1,000 zinakwenda Yahoo, zilizobaki zimetawanyika. Ripoti tano zinarudi, zote za Yahoo. Mkurugenzi anagawanya tano kwa 20,000, anapata asilimia 0.025, anashukuru Mungu. Lakini Gmail haipeleki ripoti za mtu mmoja mmoja, kwa hiyo zile barua 15,000 hazikuwa na namna ya kuzaa ripoti hata moja. Tano zinapaswa kugawanywa kwa 1,000 za Yahoo, na jibu ni asilimia 0.5, ambayo imepita kizingiti kwa mbali. Kila mtoa huduma ahesabiwe peke yake, kwa barua zilizomfikia yeye.

Gmail nayo ina mtego wake. Asilimia inayoonyeshwa kwenye Postmaster Tools hutokana na barua zilizoingia kwenye kikasha cha kawaida. Barua ikishapelekwa moja kwa moja kwenye folda ya taka, mpokeaji haioni, na asiyeiona hawezi kuilalamikia. Mtumaji ambaye barua zake nyingi zinaishia kwenye taka anaweza kuona mstari wa malalamiko ukishuka kwa ustadi mkubwa, na Google wenyewe wanaonya juu ya jambo hilo. Mstari ukishuka sambamba na idadi ya wanaofungua barua, hiyo si afya. Ni mgonjwa aliyeacha kulalamika kwa sababu amezimia.

Kazi ya kuhama inaanzia mbali na kompyuta ya fundi. Inaanza kwa kuuliza: nani anatuma barua kwa jina la shirika hili? Katika taasisi ya ukubwa wa kati jibu huwa refu kuliko inavyotarajiwa. Idara ya masoko inatumia Mailchimp. Idara ya fedha ina programu inayotuma risiti. Ofisi ya udahili, kama ni chuo, ina mfumo wake uliojengwa na mwanafunzi wa zamani. Kuna fomu ya tovuti inayotuma barua za kushukuru kupitia seva ya kukodi. Kila mmoja wao hutakiwa kupiga saini ya DKIM ya kikoa cha shirika. Asiyepiga hayumo kwenye mfumo mpya, na malalamiko juu yake hayatarudi. Ripoti za DMARC, ambazo watoa huduma wakubwa huzituma kila siku kwa kikoa kilichoziomba, husaidia kuwafichua watumaji waliosahaulika. Shirika lisiloziomba bado liziombe kwanza, lisubiri wiki mbili tatu, lisome, ndipo lishike jambo jingine.

Baada ya orodha hiyo, kila mkondo wa barua upewe kikoa kidogo chake: jarida lipite njia moja, risiti na taarifa za akaunti njia nyingine. Faida yake inaonekana siku malalamiko yanapofika. Mwanachama wa SACCOS aliyechoshwa na matangazo ya mikopo akibofya kitufe, lazima matangazo yakome. Taarifa ya akiba yake isikome. Mikondo ikiwa imechanganywa, ripoti inamwacha mwendeshaji akikisia, na kukisia kwa kawaida huishia kwa mtu kukatiwa kitu alichokihitaji.

Kisha unakuja usajili. Kwa Yahoo, mwenye kikoa huingia kwenye ukurasa wao wa watumaji, Sender Hub, anataja kikoa, anathibitisha umiliki, na anatoa anwani ya kupokelea ripoti. Ufunguo wa DKIM usiwe chini ya biti 1024. Google hupendekeza 2048, na hakuna sababu ya maana ya kuanza upya na mdogo. Anayetumia kampuni ya kutuma barua akague kwanza ni kikoa cha nani kilichomo kwenye saini. Ikiwa barua zimesainiwa kwa jina la kampuni peke yake, malalamiko yanakwenda kwa kampuni, na shirika linaona yale tu ambayo kampuni imechagua kuonyesha. Hilo si baya kila wakati. Mailchimp humwondoa mlalamikaji kwenye orodha yenyewe. Amazon SES hupeleka taarifa kwa mteja na kumwachia kazi ya kumwondoa, lakini asilimia ya malalamiko ikifika 0.1 akaunti huweza kuwekwa chini ya uangalizi, na ikifika 0.5 kutuma kunaweza kusimamishwa.

Kwa Gmail hakuna anwani ya kupokelea. Mtumaji huthibitisha kikoa chake kwenye Postmaster Tools, na akitaka kujua ni kampeni ipi inayoudhi watu, huongeza kwenye kila barua kichwa kiitwacho Feedback-ID, chenye hadi vitambulisho vinne vilivyotenganishwa kwa nukta mbili: labda kampeni, mteja, aina ya barua, na mwisho jina la mtumaji. Kosa la kawaida ni kuweka humo namba ya mpokeaji. Gmail huonyesha takwimu za makundi tu, na kitambulisho kinachomhusu mtu mmoja hakitaonyeshwa kamwe.

Microsoft inabaki na namba za IP, kwa hiyo anayehama seva lazima arudi JMRP kusajili namba mpya. Huu ndio mlango unaosahaulika zaidi, kwa kuwa kila mtu akili imeshahamia kwenye saini. Anayetuma kupitia namba za pamoja za kampuni ya kutuma hawezi kuzisajili mwenyewe. Amwulize mtoa huduma wake kama amezisajili, na jibu alipate kwa maandishi.

Upo pia mfumo wa tatu, mchanga, ambao unalenga kuondoa fomu zote hizi. Septemba 2023 ulichapishwa waraka wa RFC 9477 unaoeleza kichwa kipya cha barua, CFBL-Address. Badala ya kwenda kujisajili kwa kila mtoa huduma, mtumaji huandika ndani ya barua yenyewe anwani anayotaka malalamiko yapelekwe, na kichwa hicho hufunikwa na saini ya DKIM ili tapeli asiweze kukibandika na kuwarushia wengine mafuriko ya ripoti. Kinaweza kufuatana na kingine, CFBL-Feedback-ID, chenye alama ya kutambua barua. Waraka unashauri alama hiyo iwe na sehemu iliyokokotolewa kwa ufunguo wa siri, la sivyo mtu mwovu atatunga ripoti za uongo na kuwaondoa watu kwenye orodha ambayo hawajawahi kuilalamikia.

Waraka huo umepewa hadhi ya majaribio. Kuuweka ni jambo la mistari miwili kwenye programu ya kutuma, na hauzuii kitu. Kuutegemea peke yake, leo, ni sawa na kuweka simu mpya mezani kabla watu hawajapewa namba.

Ripoti inapofika huwa na sehemu tatu, kwa mujibu wa RFC 5965 ya mwaka 2010: maelezo mafupi ya kusomwa na binadamu, kipande cha kusomwa na programu kinachotaja aina ya lalamiko, na nakala ya barua yenyewe au vichwa vyake. Tazama sasa kilichomo: kiambatisho cha barua ambayo mtu ameiita taka. Kichujio cha taka cha shirika kikiiona ripoti hiyo, kitaitupa pamoja na kiambatisho chake, tena kwa haki. Anwani ya malalamiko isipite kwenye kichujio, na isiwe na jibu la kiotomatiki la kusema ofisi imefungwa kwa sikukuu. Mashirika mengine yamehangaika siku nzima kutafuta hitilafu Yahoo, kumbe ripoti zimelala kwenye folda ya taka ya ofisi yao wenyewe.

Ugumu wa pili ni kumjua aliyelalamika. Baadhi ya watoa huduma hufuta anwani ya mpokeaji kwenye ripoti ili kulinda faragha. AOL ilisifika kwa hilo. Mtumaji aliyejiandaa huweka alama yake mwenyewe ndani ya barua, kwa mfano kwenye anwani ya kurudishia barua zilizoshindikana au kwenye kiungo cha kujiondoa, ili ripoti ikirudi bila jina bado ajue ni nani wa kuondoa. Alama isiwe anwani ya mtu iliyoandikwa wazi. Iwe namba isiyomwambia mgeni kitu.

Akishajulikana, aondolewe. Mara moja, bila kuulizwa. Kuna mashirika yaliyojaribu kumwandikia mlalamikaji ili kujua amekwazwa na nini. Ni kama kumfuata hadi mlangoni mtu aliyekufungia mlango. Inawezekana alibofya kwa bahati mbaya, alipochagua barua zote thelathini za asubuhi na kuzisafisha kwa mkupuo. Hata hivyo gharama ya kumpoteza msomaji mmoja aliyekosea ni ndogo kuliko ya kumwudhi tena aliyekusudia. Akitaka kurudi atajisajili upya.

Wakati huohuo njia ya kujiondoa iwe nyepesi kuliko kitufe cha kulalamika. Watu wengi huripoti barua taka kwa sababu kiungo cha kujiondoa kimefichwa kwa maandishi ya kijivu chini kabisa, au kinadai nywila waliyoisahau. Kujiondoa kwa mbofyo mmoja, kwa kufuata RFC 8058 ya mwaka 2017, humfanya mtoa huduma aonyeshe kitufe chake karibu na jina la mtumaji, na ombi hutumwa kwa njia ya POST, ambayo haianzishwi kwa kufungua kiungo tu, bila ukurasa wa maswali. Njia hiyo ilichaguliwa kwa sababu programu za usalama hufungua viungo vyote vya barua ili kuvikagua, na kama kufungua tu kungetosha kumwondoa mtu, zingewaondoa watu ambao hawajagusa kitu. Google na Yahoo hutaka ombi litekelezwe ndani ya siku mbili.

Ripoti hizi pia ni taarifa binafsi za watu, na hapo sheria za nyumbani zinaingia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023; Kenya ina ya mwaka 2019, ambayo hairuhusu taarifa za mtu zitumike kibiashara bila ridhaa yake ya wazi au idhini ya sheria. Sanduku linalojaa nakala za barua na anwani za walalamikaji lisiwe la kufunguliwa na kila mfanyakazi, na ripoti ikishatumika kumwondoa mtu, ifutwe baada ya muda uliopangwa. Anayejibu swali la mdhibiti kuhusu ridhaa atahitaji pia kuonyesha tarehe na njia ambayo mtu alijisajili. Orodha iliyonunuliwa kwa mtu fulani, iliyokuja kwenye jedwali la Excel, haina tarehe hiyo, na ndiyo hasa huzaa malalamiko mengi.

Siku ya kuhama yenyewe isiwe siku moja. Mfumo wa zamani uachwe ukifanya kazi sambamba na mpya kwa wiki kadhaa, kwa kuwa kuna watu wanaosoma barua za mwezi uliopita na kuzilalamikia leo. Barua hizo zilipita njia ya zamani na ripoti zake zitarudi kwa njia hiyohiyo. Idadi ya ripoti kwa kila mtoa huduma iandikwe kila wiki kabla ya kuhama, ili baada ya kuhama kuwe na cha kulinganisha. Bila kumbukumbu hiyo, sifuri haina maana yoyote.

Halafu jaribio. Mtu wa ofisi afungue sanduku la Yahoo, ajisajili kwenye jarida kama msomaji mwingine, apokee toleo moja, aliripoti kuwa taka, kisha kila mtu asubiri. Ripoti ikifika, isomwe hadi sehemu ya tatu, na ihakikishwe kwamba anwani ile imeondolewa kwenye orodha yenyewe, bila mkono wa mtu. Jaribio kama hilo lifanyike kwenye sanduku la Outlook. Lirudiwe kila mara ufunguo wa DKIM unapobadilishwa au kampuni ya kutuma inapobadilishwa, na angalau mara moja kwa robo ya mwaka hata kama hakuna kilichobadilika.

Limebaki jambo moja ambalo halimo kwenye waraka wowote wa kiufundi. Usajili mwingi ulifanywa na kijana mmoja wa IT, kwa anwani yake ya kazi, miaka iliyopita. Kijana amepata kazi kwingine, anwani yake imefungwa, na ripoti zinazotumwa kwake zinagonga ukuta na kurudi zilikotoka, hadi mtoa huduma anachoka na kuufunga usajili. Anwani ya malalamiko iwe ya cheo, si ya mtu. Ifunguliwe na watu wawili. Na nywila za Sender Hub, JMRP na Postmaster Tools zikabidhiwe kwa maandishi siku ya mwisho ya kazi, pamoja na funguo za ofisi na kitambulisho cha getini.